Mchuma wa Kimarekani: Unalipia Mbio au Unalipia Mngurumo?

Hivi umewahi kumsikiliza mwanaume akikueleza kwa nini familia inahitaji gari la milango miwili? Ghafla anakuwa mpole. Chai anapika yeye. Anaanza kwa mbali, "mama, hii Camry yetu nayo imeshazeeka," na kabla chai haijapoa mmeshafika kwenye nguvu za farasi 490 na sekunde 2.9. Maelezo hayo nimeyasikiliza miaka mitatu mfululizo hapa Houston, Texas, tena kwa kalamu mkononi, maana kazi yangu ni uhasibu. Na nikwambie ukweli, mpenzi msomaji: namba anazokupa huyo bwana mara nyingi ni sahihi. Tatizo ni zile ambazo hakupi.

Mwanzoni nilikuwa msindikizaji tu. Jumamosi asubuhi, kabla jua la Texas halijawa kali, wapenzi wa magari hukusanyika kwenye maegesho ya maduka, kila mtu na kikombe chake cha kahawa, boneti zimefunguliwa kama samaki sokoni. Sisi Waswahili tuna kona yetu: Wabongo, Wakenya, jamaa wawili wa Bukavu na dada mmoja nesi wa Kigoma ambaye anaendesha vizuri kuliko wote, ingawa wanaume hawapendi kukiri. Tunasimama kando ya gari la yeyote aliyeliosha vizuri, tunabishana. Ubishi ni uleule: kwa hela yako, kipi kinalipa? Corvette, Mustang, Camaro au Challenger?

Nilichogundua ni kwamba watu hawa hawabishani kuhusu gari. Kila mmoja anatetea kitu alichokilipia, au anachotaka mkewe akubali kilipiwe. Ndiyo maana nikaanza kupiga hesabu zangu mwenyewe.

Farasi wa bei rahisi

Tuanze na haki yao. Hakuna nchi inayouza nguvu za injini kwa bei nafuu kama Marekani. Chukua mwaka 2020. Corvette mpya ya kizazi cha nane, maarufu kama C8, ilianzia dola 59,995 na ikaja na farasi 490. Mwaka huohuo Porsche 911 Carrera ya kawaida, ya Ujerumani, ilikuwa na farasi 379 kwa zaidi ya dola 97,000. Gawanya mwenyewe. Kwenye Corvette kila farasi alikugharimu kama dola 122, kwenye Porsche zaidi ya 255. Sasa njoo kwa Mustang GT ya 2024: farasi 480, bei ya kuanzia kama dola elfu 43. Hapo farasi mmoja hafiki dola 90. Kwa bei ya mbuzi, bwana!

Hilo si jambo la bahati, ndivyo magari haya yalivyoanza. Ford walipoizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964, kwenye maonyesho ya dunia ya New York, bei yake ilikuwa dola 2,368. Lee Iacocca na wenzake hawakuunda gari zima upya. Chini ya lile umbo la kuvutia kulikuwa na vyombo vya Falcon, gari la kawaida la familia. Walilenga vijana wenye ajira mpya, wanaotaka kuonekana lakini mshahara bado mdogo. Yaani walikulenga wewe unayesoma ukurasa huu. Haikufika hata miaka miwili, zikawa zimeuzwa zaidi ya milioni moja.

Corvette yenyewe ilitangulia, 1953, ikatengenezwa 300 tu mwaka ule, zote nyeupe, na injini ya silinda sita ambayo haikumtisha mtu. Kilichoiokoa ni V8 ya Chevrolet ya 1955. Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ndipo siri ya bei ilipo. Injini ile ina kamshafti moja tu, imelala katikati ya bloku, inasukuma valvu kwa vijiti. Wazungu wa Ulaya na Wajapani walishahamia kwenye kamshafti nne zinazokaa juu ya silinda. Wamarekani wa Chevrolet wakabaki na vijiti vyao, na hata C8 ya kawaida ya lita 6.2 bado inafanya kazi kwa mtindo huo. Watu wanaicheka eti ni teknolojia ya babu. Lakini injini ya hivyo ni fupi, ina vyombo vichache, ni rahisi kutengeneza, na inakaa chini kabisa kwenye gari, kitu kinachosaidia kwenye kona. Fundi mmoja mstaafu tunayekutana naye pale kwenye kahawa, mzee mweusi wa hapahapa Texas, huwa anatuuliza: unataka kusifia idadi ya valvu au unataka gari liondoke?

Ford wao wana msimamo mwingine. V8 yao ya lita 5.0, ile waliyoianza kwenye Mustang ya 2011, ina kamshafti nne na valvu 32. Inapenda kuzungushwa. Ukiibembeleza ni mpole, ukiikanyaga inaimba. Mimi sauti ile ndiyo iliyoniharibu, nakiri bila aibu.

Wanne hawa, mmoja mmoja

Corvette ndiyo yenye mbio kuliko wote, hakuna haja ya kumung'unya maneno. Mwaka 2019 walihamisha injini kutoka mbele wakaiweka nyuma ya viti, kama Ferrari. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani: mhandisi Zora Arkus-Duntov, mzaliwa wa Ubelgiji aliyejiunga na General Motors 1953, aliwasumbua mabosi wake kwa miongo kadhaa wafanye hivyo. Alifariki 1996, miaka 23 kabla gari lake halijazaliwa. Uzito ukikaa nyuma, tairi za nyuma zinashika lami, na ndipo unapata zile sekunde 2.9 kutoka sifuri hadi maili 60 kwa saa ukinunua na kifurushi cha Z51. Sekunde 2.9! Hata "Bismillah" haijakamilika.

Lakini ina viti viwili. Viwili. Mume wangu alinionyesha kwamba buti la nyuma linaingiza mifuko miwili ya gofu. Nikamuuliza, wewe na gofu mlianza lini?

Mustang ina viti vinne, ingawa vile vya nyuma ni vya watoto, au vya shemeji usiyempenda. Tangu 2015 walitoa ule mhimili mmoja mzima wa nyuma uliokuwa unafanya gari liruke kwenye mashimo, wakaweka mfumo ambao kila tairi la nyuma linajitegemea. Tofauti yake unaisikia mgongoni. Kwenye kona kali bado haimfikii Corvette wala Camaro, lakini kwa safari ya saa tatu kwenda Dallas na mwenzio, mizigo nyuma na muziki juu, sijapanda gari la bei ile linalopendeza zaidi.

Camaro ndiyo hadithi ya kusikitisha. Vijana wengi wa rika letu waliifahamu mwaka 2007 kwenye filamu ya Transformers, ile ya njano. Kizazi chake cha mwisho, kilichoanza na modeli ya 2016, kilikuwa na umbile la chini lililotokana na sedani ya Cadillac, na majarida mengi ya magari yalikiri kwamba kwenye uwanja wa mbio kinaitoa Mustang jasho. Dada yetu nesi anayo ya SS, farasi 455, na kwenye siku za mazoezi uwanjani tumeshuhudia akiwapita wenye hela. Sasa kwa nini haikuuzika? Ingia ndani ukae. Madirisha ni membamba kiasi kwamba kuangalia nyuma ni kama kuchungulia kupitia kidirisha cha choo. Watu walipenda matokeo ya vipimo, halafu wakaenda kununua Mustang. Chevrolet walifunga uzalishaji Desemba 2023.

Mwezi huohuo Challenger nayo ikaaga, na hapa niwape kidokezo cha kuwashinda wabishi: "Mmarekani" huyu alikuwa akitengenezwa Brampton, Ontario, nchini Kanada. Challenger ni nzito, toleo la V8 linakaribia kilo 1,900, ni pana, ni la starehe, na ndilo pekee kati ya haya ambalo mtu mzima anakaa nyuma bila kulalamika. Kukata kona si kazi yake. Kazi yake ni kwenda moja kwa moja na kupiga kelele. Mwaka 2015 waliiweka supachaja, ikatoka Hellcat ya farasi 707. Mwaka 2023, kwa kuaga, wakatoa Demon 170 yenye farasi 1,025 ukitumia mafuta yenye ethanoli. Farasi elfu moja kwenye gari la namba za barabarani! Ni uchizi, ila ni uchizi mtamu.

Halafu kuna mtego mmoja wa wapenzi wa magari ya zamani, naomba uukwepe. Utaambiwa gari fulani la 1970 lilikuwa na farasi 400 na zaidi, kwamba siku hizi hakuna kitu. Kabla ya 1972 watengenezaji wengi wa Marekani walikuwa wanapima injini ikiwa peke yake mezani, bila ekzosi kamili wala mizigo inayoibeba ikiwa ndani ya gari. Baadaye wakaanza kupima na vikorokoro vyake vyote, na namba zikaporomoka. Zikaongezeka sheria za moshi na msukosuko wa mafuta wa 1973, hadi Corvette ya kawaida ya 1975 ikatangazwa na farasi 165. Leo Mustang ya silinda nne yenye tabo ina farasi 315. Hivyo yule mzee mwenye mchuma wa chuma kitupu mpe heshima yake, msikilize, lakini usiingie naye kwenye hesabu.

Kama ni mbio tu, nunua la umeme

Sasa niseme jambo lililonifanya nisipendwe pale kwenye kona yetu. Mwaka 2024 Tesla walitoa Model 3 Performance kwa kama dola elfu 53, milango minne, buti la maana, na wanasema nayo inatumia sekunde 2.9 kufika maili 60. Sawasawa na Corvette. Kimya kimya, kama friji. Kama thamani ya gari la spoti ni mbio zake kugawanya kwa bei, ubishi umekwisha, tukanywe chai.

Walinizomea. Jamaa wa Mombasa akasema hilo si gari, ni simu yenye tairi. Lakini ukiwasikiliza vizuri, hapo ndipo wanaposema ukweli wao. Hawazungumzii tena sekunde. Wanazungumzia gia ya mkono, klachi inavyopokea mguu, usukani unavyokwambia lami ilivyo, injini inavyoamka asubuhi kukiwa na baridi mpaka jirani anafungua pazia. Hivyo ni vitu halali kabisa kuvitaka. Ila ni starehe, na starehe ina bajeti yake, kama vile harusi au safari ya Zanzibar. Ukishakubali kwamba ni starehe, unaacha kumdanganya mwenzio kwamba ni "uwekezaji".

Maana hilo neno uwekezaji nalo limeponza watu. Kati ya 2020 na 2022 C8 zilikuwa adimu, wauzaji wakaongeza bei juu ya bei ya kiwandani, na kuna waliotumia gari mwaka mzima wakaliuza kwa faida. Stori zile zikaenea mpaka vijijini. Magari yalipojaa sokoni, mchezo ukaisha. Gari linalotengenezwa kwa maelfu kila mwaka hushuka thamani kama jingine, taratibu au haraka.

Namba ambazo hakupi

Rafiki yetu mmoja, kijana msomi, kazi nzuri, mchumba tayari, alichukua gari la V8 kwa mkopo wa dola 45,000. Alipoona marejesho ya miezi 60 ni kama dola 934 kwa mwezi, riba asilimia 9, akashtuka. Muuzaji akamwambia hakuna shida kaka, tunanyoosha mpaka miezi 84. Marejesho yakashuka hadi 724. Akatabasamu, akasaini.

Tufanye alichopaswa kufanyiwa siku ile. Dola 724 mara miezi 84 ni karibu dola 60,800. Yaani riba peke yake karibu elfu 16, bei ya gari dogo zuri. Miaka mitatu baadaye alikuwa ameshalipa zaidi ya elfu 26 na bado anadaiwa elfu 29. Walipotaka kuliuza ili wapate kianzio cha nyumba, yadi ikawapa elfu 26. Kwa hiyo ili mtu aondokane na gari lake mwenyewe ilibidi aongeze dola elfu tatu mfukoni.

Mchumba wake hakukasirikia gari. Alipenda kupanda. Alichokasirikia ni kwamba ule mkopo aliusikia kwa mara ya kwanza benki, mbele ya afisa wa mikopo ya nyumba, akiwa amekaa na mkoba mapajani. Miezi minane hawakuongea habari ya tarehe ya harusi. Wako pamoja hadi leo, namshukuru Mungu, lakini nimemsikia yule kijana akisema mwenyewe kwamba hakuna farasi aliyemwendesha mbio kama yale mazungumzo ya kurudi nyumbani siku ile.

Ukiacha mkopo kuna bima. Mwaka 2023 IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharamiwa na makampuni ya bima ya Marekani, ilitoa orodha ya magari 21 ambayo madereva wake hufa zaidi. Sita kati yake yalikuwa matoleo ya Camaro, Challenger, Charger na Mustang. Mwaka huohuo taasisi yake dada ikaonyesha kwamba Charger ya Hellcat, ndugu wa Challenger mwenye milango minne, madai yake ya wizi yalikuwa zaidi ya mara 60 ya wastani. Makampuni ya bima yanasoma hayo kabla hujapiga simu. Sisi tulipouliza bei ya Mustang tukatajiwa karibu mara mbili ya Camry, na hatuna hata faini moja. Piga simu ya bima kabla ya kwenda yadi, si baada.

Tairi nazo. C8 inavaa tairi za nyuma zenye upana wa milimita 305, za mpira laini unaoshika lami, na upande wa pili wa ulaini ni kwamba zinaisha. Seti nzima ya tairi za namna hiyo inapita dola 1,500 kirahisi. Mafuta? Mimi naenda kazini na kurudi maili 40, siku 250 kwa mwaka, jumla maili 10,000. Kwa V8 inayokula galoni moja kwa maili 18, hizo ni galoni 555. Kwa gari la haiburidi linalokwenda maili 50, ni galoni 200. Kwa dola tatu na nusu kila galoni, tofauti ni zaidi ya dola 1,200 kwa mwaka, na hapo sijaweka yale mafuta ya bei ya juu ambayo V8 hizi hupendekezewa.

Sisi tulivyofanya

Mimi na mume wangu tulikuwa na dola elfu 30 za akiba mwaka 2022. Yeye alitaka zote ziwe kianzio cha Corvette, mimi nilitaka zote ziwe kianzio cha nyumba. Tulibishana wiki tatu. Mama mkwe akapiga kutoka Tanga kuuliza kulikoni, na yeye akaunga mkono kiwanja, ambacho hakikuwemo hata kwenye ubishi.

Kilichotutoa ni swali rahisi: utaliendesha lini? Tukaandika kwenye karatasi. Yeye anatumia gari la kazini Jumatatu hadi Ijumaa. Ibaki Jumamosi kwenye kahawa, Jumapili baada ya kanisa, na safari kama nne za mbali kwa mwaka. Ukigawa gharama za Corvette kwa siku hizo, kila siku moja ya furaha ilikuwa inatuzidi uwezo. Akaiangalia ile karatasi muda mrefu. Halafu akauliza, je, kama ni iliyotumika, na viti vinne?

Tukapata Mustang GT ya 2019, maili 28,000, dola 31,000. Toleo hilo lina farasi 460, thelathini pungufu ya Corvette aliyoiota. Elfu 15 taslimu, iliyobaki miezi 36. Nusu ya akiba ikabaki ya nyumba. Tulichukua otomatiki ya gia kumi, na hapa kuna utani ambao kila mpenda magari anaupenda: giaboksi hiyo Ford waliibuni pamoja na General Motors, mahasimu wao wa damu, na ndugu yake alikuwemo kwenye Camaro ya ZL1. Watu wanapigana maegeshoni kwa ajili ya nembo, kumbe mabosi walishakaa meza moja.

Kwa maoni yangu, basi, Corvette ndiyo yenye uwezo mkubwa kwa bei yake, labda kuliko gari lolote jipya duniani la aina hiyo. Kama huna mtoto, huna deni, na unakwenda uwanjani kweli, inunue na usimsikilize mtu. Camaro ya SS iliyotumika ndiyo chaguo la dereva hasa. Challenger ni ya mtu anayejua anachotaka na hajali kona. Lakini kwa wawili wanaoanza maisha, Mustang iliyotumika miaka mitatu hadi mitano ndiyo ninayoipigia kura. Mwenzake wa kwanza ameshalipia ule mshuko mkubwa wa thamani, spea zimejaa kila mahali, na yenyewe bado inatengenezwa wakati Camaro na Challenger zimesimama.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya ndugu zetu wa nyumbani wanaoandika kila wiki "tuleteeni mchuma". Magari ya hapa yana usukani wa kushoto. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kusajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa yale ya kazi maalumu, na lisizidi miaka minane. Mustang ndiyo iliyoanza kutoka kiwandani na usukani wa kulia mwaka 2015, ikauzwa Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Corvette ikafuata na C8, ikafika mpaka Japani. Kwa hiyo anayetaka ya kwao atazame huko, asitusumbue sisi wa Texas. Na ajue kwamba injini kubwa inavuta kodi kubwa. Kuhusu matuta, C8 ina kifaa cha kuinua pua yake kama milimita 40, na inakumbuka kwa setilaiti hadi sehemu elfu moja ulizowahi kuiinulia. Elfu moja! Kwa matuta ya Bongo si zingeisha kabla hujafika Chalinze?

Ukienda kukagua iliyotumika, nenda asubuhi na mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika; injini baridi haifichi kelele. Soma tarehe kwenye tairi, zile tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi za nyuma mpya kabisa na za mbele zimechoka maana yake huyo bwana alikuwa anachoma lami. Uliza kama kompyuta ya injini imewahi kuchezewa, na kama ekzosi si ya kiwandani muulize ya kiwandani iko wapi. Mlipe fundi wako mwenyewe alikague chini, hata kama muuzaji ni mtu wa kanisani kwenu. Na nendeni wote wawili, kila mmoja aliendeshe. Mume wangu alipomaliza zamu yake siku ile alishuka anacheka. Mimi nilipomaliza yangu nilipitiliza yadi, nikazunguka mtaa mara mbili zaidi, na muuzaji akaanza kupiga simu.